Kigurudumu cha Redio ya Baba

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu kuleta simu ananiuliza swali lilelile: eti ni kweli, Athumani, ulikwenda mpaka Pangani kufuata kipande cha plastiki? Wengine huuliza wakicheka. Wengine huuliza kwa sauti ya chini, ile ya kumjulia hali mgonjwa. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, nanyi mkikutana barazani mnaviunga mnavyotaka, mpaka juzi nimesikia kwamba nilikwenda Pangani kuposa. Basi naandika yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo, nilikwenda. Ndiyo, ni plastiki. Someni kwanza, kucheka kutafuata.

Baba alifariki mvua za masika zikianza. Mama akaingia eda, akatulia ndani kama ilivyo kwa mjane: hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Mimi nikafunga chumba nilichopanga karibu na stendi, nikarudi nyumbani kulala chumba cha uani ili asiwe peke yake. Ndipo nilipogundua kwamba halali. Kila alfajiri nilipokwenda kumgongea kwa ajili ya swala, nilimkuta amekwishakaa kwenye mkeka, macho mekundu, ananiambia hakuna haja ya kugonga.

Nilimuuliza kinachomkosesha usingizi. Nilitegemea aseme huzuni. Akasema ni redio.

"Tangu nilipoolewa, kila usiku redio ya baba yako ilikuwa inalia pale," akaniambia, akinionyesha kwa kidevu mahali pa kiti chake. "Sasa nikilala nasikia masikio yangu mwenyewe."

Redio yenyewe baadhi yenu mnaikumbuka. Ilikuwa ya zamani, ya masafa mafupi, yenye kigurudumu ubavuni cha kutafutia stesheni. Iliungua ndani muda mfupi kabla baba hajaugua, nami niliifungua nikaona haiponi tena. Siku ya arobaini, vitu vya marehemu vilipogawanywa, kanzu zilikwenda kwa huyu, bakora kwa yule, na redio mbovu ikaondoka na baba mdogo Rajabu kwenda kwake Pangani. Mama alikuwa chumbani na wanawake, hakuna aliyemuuliza. Ndivyo tulivyo, tunagawa harakaharaka kana kwamba marehemu atarudi kudai.

Redio zinazouzwa siku hizi ni za FM na kadi, basi. Mimi ni fundi simu na kichwa changu ni kigumu, mnanijua. Nikaamua kutengeneza redio ya aina mpya, ile ambayo kijiti kidogo cha USB kinanasa mawimbi, na kazi iliyobaki ya kuchagua, kusafisha na kutoa sauti inafanywa na programu ndani ya kompyuta. Kompyuta kuukuu nilikuwa nayo. Vilivyokosekana ni kijiti chenyewe, pete nyeusi ya feraiti ya kuzungushia waya wa antena, na muda. Eda ilikuwa inaelekea ukingoni, na shangazi alikwishasema atakuja kumchukua mama wakaishi wote Tanga. Nilitaka mama alale nyumbani kwake, kwa mumewe, hata usiku mmoja tu, kabla hajaondoka.

Kariakoo

Habari za gari kutoka Bagamoyo hadi Dar naziacha, nyote mnazijua. Nitaanzia pale kijana wa duka la kwanza aliponicheka.

Kijiti ninachokisema kilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni kwenye kompyuta. Ni watundu huko duniani waliokuja kugundua kwamba kinaweza kusikia karibu kila kinachopita hewani, ukikirekebisha kidogo, na kulehemu ndiyo kazi yangu. Nilimweleza yule kijana yote hayo. "Mkuu, hiyo kitu ishapitwa," akasema, "siku hizi watu wanacheki kila kitu kwenye simu." Akanielekeza kwa jirani yake. Jirani akanipa flashi ya kawaida yenye kifuniko kirefu, akaapa kwamba kile kifuniko ni antena. Nilizunguka mtaa ule na mitaa ya nyuma yake mpaka wauzaji wakaanza kuniita kwa jina la kitu ninachotafuta, na jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Mchana nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, nikaagiza wali maharage na mchicha. Nilikuwa nanung'unika peke yangu, nadhani kwa sauti, kwa sababu dada aliyekuwa ananyoosha mkono kuchukua pilipili aliniuliza kama kitu hicho kina kiantena chembamba chenye sumaku chini. Yeye anauza makava ya simu. Aliwahi kumnunulia mama yake kijiti kama hicho ili aangalie tamthilia, picha haikutoka hata siku moja, kikabaki kwenye droo.

Tukaenda kwenye meza yake. Droo ikafunguka, na kijiti kilikuwepo, chini ya stika na chaja zilizokufa. Lakini dada akawa hataki kukiachia mpaka anifundishe namna ya kupata tamthilia, maana hakutaka nije nimlalamikie. Nikamwambia sihitaji picha, nahitaji sauti.

"Kaka, sauti bila picha si redio hiyo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa si ununue redio?"

Hapo nikakasirika. Nikamwambia kwa ukali kwamba mama yangu yuko edani na halali. Dada akakifuta kile kijiti kwa pindo la mtandio wake, akakifunga kwenye karatasi taratibu, akasema nimpe mama pole, na kwamba mama yake mwenyewe alipokaa eda naye hakuwa akilala. Nikachukua mzigo wangu nikaondoka. Nilipofika kituoni ndipo nilipokumbuka kwamba sikumuuliza alikuja kulala lini, na kilichomlaza ni nini. Nilijuta njia nzima.

Zinga

Pete za feraiti zimo ndani ya zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa. Nilikumbuka kwamba Zinga, kando ya barabara, yuko muuza chuma chakavu mwenye rundo la televisheni hizo, kesho yake nikaenda huko.

Kosa langu lilikuwa kusema ukweli wote kwa mara moja. Nilimsalimia, nikamwambia natafuta televisheni au redio ya zamani, si kwa kutumia, bali nataka kitu kidogo tu kilichomo ndani. Mtu wa pwani ukimwambia hivyo ameshajua unachotaka. Anajua unatafuta zebaki nyekundu, mali inayosemwa imefichwa ndani ya redio na cherehani za wakoloni, ambayo hakuna aliyewahi kuiona ila kila mtu ana binamu aliyeiuza akajenga ghorofa.

Yule bwana akanivuta pembeni, akashusha sauti, akaniuliza mnunuzi wangu ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Nikaletewa kiti, nikaletewa chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga yenye chachandu, na kabla sijamaliza kikombe watu walikuwa wanatoka majumbani na cherehani za bibi zao. Mmoja alileta chupa ya chai. Nilipomuuliza chupa ya chai inahusiana vipi, akasema ndani ya kile kioo kuna kitu kinang'aa.

Nikaomba bisibisi, nikafungua televisheni moja mbele yao wote, nikatoa pete mbili nyeusi. Nikasema ni hizi tu, sina haja na kingine. Hapo ndipo mambo yakaharibika. Mwenye mali akazifumbata mkononi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama ni kitu cha bure nisingekitolea jasho, na kama si cha bure hawezi kukitoa kama karanga. Watu wakaitikia. Nilieleza mawimbi, nikaeleza antena, nikaeleza eda, na kila nilipoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba naficha. Alasiri ikaadhiniwa tukiwa bado tunabishana, wakaenda kuswali kwa zamu ili nisiondoke.

Mwishowe hasira ikanisaidia. Nikamwomba pete moja, nikaiweka juu ya jiwe, nikaipiga kwa nyundo yake mwenyewe. Ikavunjika kama mkaa. Wakainama wote kutazama ndani. Ilikuwa nyeusi nje na nyeusi ndani, vumbi tupu. Halafu aliyeleta chupa ya chai akaichukua chupa yake akaondoka bila kuaga. Yule bwana akanipa pete iliyobaki, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nilimhurumia, wallahi, ingawa alikuwa amenipotezea siku.

Nyumbani, katikati ya safari

Waya wa shaba nilipewa na jirani yangu anayesuka mota. Nikauzungusha kwenye pete, nikatandaza antena kutoka kwenye paa hadi kwenye mpera wa uani, nikalehemu kila kilichotaka kulehemiwa. Nilifanya kazi ile kwa furaha ambayo sikuitegemea. Sasa najua kwamba nilikuwa namlilia baba kwa bisibisi, kwa kuwa kwa machozi sikuweza mbele ya watu.

Baada ya isha nikawasha. Mama alikuwa ameketi mahali pake akisuka ukili wa mkeka. Sauti ikatoka safi kabisa, mtu anasoma habari, kana kwamba amekaa nasi kwenye mkeka. Hakuna mkwaruzo hata kidogo. Nikamtazama mama nikisubiri sifa zangu. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ukili. Akasikiliza kidogo, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Sasa zima."

Nikazima. Nilikuwa nimekasirika, sifichi. Nikamuuliza kasoro iko wapi. Akasema haina kasoro, imetulia mno. Baba yako hakuwa anakaa stesheni moja, akasema, alikuwa anatafuta. Nikawasha tena, nikaanza kubofya huku na huku. Sauti zikaruka kutoka stesheni hadi stesheni, na katikati hamna kitu. Mama akasema hapo anamsikia mtu anayefungua milango na kuifunga.

Usiku ule na uliofuata nilipanga upya. Nikafungua mausi ya kompyuta, nikatoa kile kigurudumu chake cha kusogezea, nikaondoa kispringi kinachokifanya kiende kwa kugotagota, na mahali pa kigurudumu nikapachika kizibo cha chupa ili mtu aweze kuzungusha polepole kama redio za zamani. Kwa ufundi, kazi ilikwisha. Nikampa mama akipapase. Akakipitisha kidole gumba pembeni, akanirudishia.

"Kile cha baba yako kina mahali palipolika," akasema. "Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi, napajua. Kidole chake kilikuwa kinateleza hapo, halafu kinashika tena. Ndivyo redio ilivyokuwa inalia."

Hakuniomba niende Pangani. Mama si mtu wa kuomba. Nilimpigia simu baba mdogo Rajabu nikamwambia anitumie kigurudumu kwa basi. Akasema, "Njoo mwenyewe," na mtandao ukakatika.

Kitanda cha bibi harusi

Wenye akili hupitia Msata na Muheza kwa basi. Mimi nilitaka kufika upesi, nikapita njia ya pwani, Makurunge na Saadani, kwa pikapu iliyokuwa inapeleka kitanda cha harusi Mkwaja. Msimamizi wa kitanda alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa makamo aliyekuwa somo wa bibi harusi, yaani yeye ndiye aliyempa mafunzo ya ndoa. Kabla sijapanda alinipa sharti: hakuna kiumbe atakayekalia kitanda wala godoro kabla ya mwenyewe. Nikakaa juu ya tairi la akiba.

Tulipopita Wami pancha ikatukuta, na tairi la akiba lililokuwa kiti changu likawa nalo halina upepo. Dereva akadandia pikipiki akaondoka nalo. Tukabaki mimi, Bi Mwanahawa na kitanda. Wingu likaja, likamwaga. Turubai lilikuwa moja, na halikujadiliwa: lilifunika kitanda. Sisi tukasimama ubavuni mwa gari tukiloa, Bi Mwanahawa akiingiza mkono kila mara chini ya turubai kupapasa godoro kama ni kavu.

Mvua ilipokata akafungua kapu, tukala visheti na samaki wa kukaanga, naye akaanza kunihoji. Nikamweleza habari ya kigurudumu. Alisikiliza kwa makini, akaguna, akaniambia yeye ni mtu mzima. Mwanamume aliyenyoa ndevu vizuri, akavaa shati jipya, hawezi kuloa hivi kwa ajili ya plastiki. Akataka kujua binti ni wa nani. Nikaapa. Akacheka, akasema vijana wote huapa. Tulipofika Mkwaja alinifungia visheti vilivyobaki kwenye mfuko, kwa sababu, alisema, ukweni hakuendwi mikono mitupu. Huyo ndiye mwenye ile habari ya posa, naye ana dada yake hapa Bagamoyo, kwa hiyo msinitafutie mchawi mwingine.

Lakini nitasema jambo moja juu yake. Kitanda kiliposhushwa, wanawake wakipiga vigelegele, alikipangusa kwa kanga yake kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, kitanda ambacho si chake wala hatakilalia. Nikamwona mama akiifuta vumbi redio ambayo hakuwahi kuizungusha. Nilikuwa na haraka ya kuondoka, nikajikuta nimesimama.

Bweni, kusubiri pantoni

Kutoka Mkwaja nilichukua bodaboda mpaka Bweni, mahali barabara inapoishia kwenye mto, mji wa Pangani ukiwa upande wa pili. Pantoni lilikuwa ng'ambo, na halikuwa na dalili ya kuja. Mara injini, mara dereva amekwenda kula, kila mtu alikuwa na habari yake. Muuza kahawa akasema litakuja likitaka.

Hapo ndipo safari iliponiuma. Tulikuwa tunasubiri palepale kila Idi Kubwa nilipokuwa mdogo, baba akiwa amebeba redio begani kwa mkanda wake wa ngozi, kwa sababu hakuweza kulala ugenini bila hiyo. Nilikuwa naona aibu, watu wakitutazama. Sasa nilisimama na mfuko wa visheti, nikatamani mtu yeyote pale aje na redio begani, hata kama ni mbovu, hata kama ananikera. Hakuja mtu wa namna hiyo. Lilikuja pantoni, tukapanda pamoja na mbuzi na lori la saruji.

Kwa baba mdogo

Nilifika magharibi imekwishaswaliwa. Baba mdogo Rajabu alikuwa barazani kwake, ameipa njia mgongo. Mabega yale, na namna ya kuinamisha shingo upande, ni ya baba mtupu. Nikasogea ubavuni mwa baraza. Nikaona mkono wake wa kulia unakwenda, kidogo mbele, kidogo nyuma. Redio ilikuwa mapajani mwake, naye alikuwa anazungusha kigurudumu. Haikutoa sauti yoyote.

Nikapiga hodi, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuiacha redio, akasema karibu mwanangu, umeloa. Tukala wali wa nazi na samaki changu. Visheti alivila vyote peke yake, akauliza nani kavipika, nikasema ni hadithi ndefu. Baada ya isha tukarudi barazani.

Akaniambia wamekuja watu mara mbili kutaka kuinunua redio ile, wanasema ina zebaki nyekundu. Aliwafukuza. Anajua haina kitu. Anaizungusha kila jioni kwa kuwa kidole chake kinaingia sawasawa pale kilipoingia kidole cha kaka yake, na akikiweka hapo anaweza kukaa bila kufikiria chochote. Ndiyo maana alinitaka nije mwenyewe. "Nilitaka unione ninavyoishika," akasema, "halafu ndipo uniombe."

Sikuweza kuomba. Nilimweleza tu: mama halali, nimetengeneza redio nzuri, akaniambia nizime.

"Ilikuwa imetulia kwenye stesheni?"

Nikasema ndiyo, safi kabisa, mtu anasoma habari.

"Wewe ulikuwa unalala mapema, hukujua," baba mdogo akasema. "Kaka hakuwa na stesheni. Alikuwa anazungusha tu, mpaka usingizi umchukue na mkono usimame. Redio ikitulia mahali pamoja, ujue kalala. Shemeji alikuwa anasubiri hapo. Anaondoka anakwenda kumfunika shuka, anazima, ndipo na yeye analala. Nimelala nyumba ile mara ngapi, nimewaona."

Basi nikaelewa nilichomfanyia mama. Nilimwashia redio iliyotulia, akamsikia mumewe amelala, na pale kwenye kiti hapakuwa na mtu wa kufunika. Nililia hapo barazani, kwa sauti, mtu mzima mimi, na baba mdogo aliniacha nilie.

Asubuhi nikatoa bisibisi, nikamwambia siwezi. Akasema fundi gani huyu. Akakikamata kigurudumu kwa vidole viwili, akakivuta mwenyewe, kikatoka na vumbi lake. Ubavuni mwa redio kikabaki kijiti cha chuma kilicho uchi. Akakigusa, akakizungusha mbele na nyuma.

"Nitazungushia hapa," akasema. "Ila ukiipata ile sauti, nitumie kwenye simu."

Nyumbani

Nilirudi kwa basi, kama wenye akili, na hakuna kilichotokea. Kigurudumu kilikuwa mfukoni mwa shati, na kila gari liliporuka nilikishika.

Tundu lake lilikuwa pana kuliko kijiti cha mausi kilichoshika kizibo. Nikazungushia uzi na gundi mpaka kikakaza. Halafu nikaharibu kazi yangu nzuri. Programu iliyokuwa inasafisha sauti nikaiambia iache. Nilitaka mikwaruzo na ile miluzi inayopanda na kushuka ukipita katikati ya stesheni mbili. Fundi yeyote angenicheka, na mmoja amenicheka.

Baada ya isha nikamwekea mama mbele yake. Nikamwambia nimetoka kwa baba mdogo, ameniambia. Akainamisha kichwa. Nikamwambia azungushe yeye. Alisita, maana miaka yote aliyoishi na baba hakuwahi kuitafutia redio stesheni, kazi yake ilikuwa kuifuta tu. Kidole gumba chake kikapapasa ukingoni, kikapata pale palipolika, kikazama. Akafumba macho.

Akazungusha. Nyumba ikajaa miluzi. Kilipita Kiarabu, kikapita Kihindi, ikapita taarabu ambayo mimi ningesimama hapo, yeye hakusimama. Kidole kiliteleza, kikashika, kikateleza. Nilikuwa narekodi kwa simu, kwa ajili ya Pangani. Sikuwa nimesikia sauti ile tangu baba yuko hai, na nilikuwa nimeisahau kabisa, nikajua hapo kwamba ndiyo niliyokuwa nikilala nayo utoto wangu wote nyuma ya ukuta.

Muda ukaenda. Mizunguko ya mkono wake ikawa mifupi, halafu ukasimama. Redio ikatulia kwenye mtu anayesoma kitu kwa lugha ambayo hakuna kati yetu anayeijua. Nikataka kumuuliza kama amechoka. Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akainuka, akachukua shuka ya baba iliyokuwa inaning'inia mlangoni, ambayo siku ya arobaini hakuna aliyeikumbuka, akaifunika redio na kompyuta yake, akaipangusa juu kwa mkono. Fundi ndani yangu alitaka kusema kwamba itapata joto. Nikamzuia.

"Mwache," mama akasema. "Kalala."

Akapenyeza mkono chini ya shuka, akazima, akaenda chumbani kwake.

Alfajiri nikaenda kugonga kama kawaida. Mama hakuitika. Nikagonga tena, nikaweka sikio mlangoni. Ndipo akaitika kwa sauti nzito ya mtu aliyetolewa mbali usingizini, akaniuliza kwani kumekucha. Nikamwambia kumekucha, mama.